Mwalimu amekataza "ba, be, bi, bo, bu" nyumbani: je, mbinu ya sauti inafaa kwa Kiswahili?

#1 MamaWawili_Pasua
Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba mawazo yenu katika jambo ambalo limeleta mvutano nyumbani kwangu hapa Pasua, Moshi. Binti yangu ameanza darasa la kwanza mwaka huu katika shule ya serikali. Bibi yake, tunayeishi naye, alikuwa amemfundisha ba, be, bi, bo, bu tangu akiwa elimu ya awali, na mtoto aliweza kuimba mistari yote hadi za, ze, zi, zo, zu bila kukosea hata mahali pamoja. Sote tuliamini kwamba tayari anajua kusoma.

Wiki iliyopita mwalimu wake aliniita na kuniomba, kwa upole kabisa, tusiendelee kumwimbisha silabi hizo nyumbani. Alipoona sijaridhika, alichukua kipande cha karatasi akaandika "bo" peke yake. Nilimwona mwanangu akichezesha midomo, ba, be, bi, huku akikunja vidole, na alipofika kidole cha nne ndipo akasema "bo". Kisha mwalimu akaandika "tulia". Binti yangu alinyamaza, akanitazama mimi.

Shuleni wanafundishwa sauti: m si "em" wala "ma", ni ule mlio wa midomo iliyofumbwa, halafu inakuja a, na mtoto anaziunganisha mpaka apate "ma". Bibi yake amechukizwa. Anasema amelea watoto saba na wote walisoma kwa ba, be, bi, na kwamba mtindo huu wa kuguna darasani umetoka Uingereza ambako herufi hazina adabu. Je, mbinu hii inafaa kwa Kiswahili, au tumeazima dawa ya ugonjwa tusiougua?

#2 Mwl_Kijenge
Salaam, mama. Ninafundisha darasa la kwanza hapa Arusha, na nilikuwa miongoni mwa walimu waliopata mafunzo ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wakati mtaala ulioboreshwa wa darasa la kwanza na la pili ulipoanza. Napenda kuondoa dhana moja mapema: silabi hazijakatazwa. Tunafika kwenye silabi, ila tunapitia kwenye sauti. Mimi naanza na irabu tano, kisha naleta konsonanti moja moja, na kila inapofahamika tunaiunganisha na irabu na kusoma neno siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye irabu na m peke yake anasoma "mama", "mimi" na "umeme". Nikiongeza l, anasoma "lala", "mali", "lima", "ulimi" na hata "mlima". Hajakariri chochote, na hata neno ambalo sijawahi kumwandikia anaweza kulijaribu.

Kosa kubwa tunalolifanya walimu, na mimi nililifanya mwaka mzima, ni kutamka b kama "bu" na d kama "du". Mtoto akiambiwa "bu", halafu "a", ataunganisha apate "bua", na hana kosa lolote. Ndiyo sababu naanza na sauti zinazovutika, kama m, n, s, l na f, kwa kuwa mmmm unaweza kuivuta mpaka ikakutana na a bila kukatika. Herufi b, d, t, k na p nazichelewesha.

Natumia vizibo vya soda nilivyookota kwenye vibanda vya jirani, kila kizibo kikiwa na herufi moja, irabu kwa rangi nyekundu na konsonanti kwa bluu. Darasa langu lina watoto 103, ilhali uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Wakijibu kwa pamoja, siwezi kujua nani anasoma na nani anafuata sauti ya jirani yake. Wakipanga vizibo juu ya dawati, naona.

#3 BabuMstaafu_Kibosho
Mwalimu wa Kijenge, nakupongeza kwa kazi hiyo, lakini ruhusu mzee akupinge. Nilipokuwa kijana nilifundisha kisomo cha watu wazima, katika miaka ile iliyofuata 1970, mwaka uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Akina mama walikuja jioni wakitoka migombani, mikono ikiwa bado na udongo, na tuliwafundisha kwa silabi. Waliondoka wakiandika majina yao na kusoma barua za watoto wao walioko mjini. Baadaye nikafundisha darasa la kwanza wakati wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, madarasa yakiwa yamefurika, na huko nako silabi zilinitosha.

Tatizo la binti wa mleta uzi si silabi, ni kuimba. Mimi sikuacha ba, be, bi, bo, bu zikae ubaoni kwa mpangilio huo zaidi ya siku mbili. Siku ya tatu ziliandikwa bo, bu, ba, siku ya nne zikachanganywa na la, le, li, na mtoto aliitwa mbele kuonyesha kwa fimbo ndefu silabi niliyoitamka. Mwalimu aliyeridhika na wimbo ndiye aliyekosea, na lawama ikabebeshwa mbinu. Mambo ya sauti yaliletwa na mtaala wa mwaka 2005, na tangu hapo tunasikia watoto wanafika darasa la nne hawajui kusoma.

#4 BabaNjiro
Naungana na bibi kuhusu chanzo cha mbinu. Wanangu wawili wanasoma shule inayofundisha kwa Kiingereza hapa Arusha, na walianza na s, a, t, p, i, n, kila herufi na sauti yake na kitendo cha mikono. Huko nakubali kwamba sauti ni lazima. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, na herufi a peke yake hubadilika kutoka neno hadi neno. Uingereza yenyewe iliamua hivyo rasmi baada ya ripoti ya Jim Rose ya mwaka 2006, na tangu mwaka 2012 watoto wao wa umri wa miaka mitano na sita hupimwa kwa maneno 40, nusu yake yakiwa ya kubuniwa, ili ionekane kama mtoto anasoma herufi au anakumbuka sura ya neno.

Kiswahili hakina shida hiyo, kwa kuwa a ni a popote uendapo. Mimi shida yangu iko upande wa pili. Mwanangu mkubwa, nikimpa gazeti la Kiswahili, husoma "maji" kama "meji" na "ila" kama "aila". Bibi yake wa Machame alipomsikia alidhani anamfanyia mzaha.

#5 Mwl_Kijenge
Babu, shikamoo. Kuhusu kuchanganya silabi ubaoni nakubaliana nawe moja kwa moja. Ninachosahihisha ni mwaka. Mtaala wa 2005 ulikuwa wa kujenga umahiri, na darasa la kwanza lilibaki na masomo mengi. Mtaala uliorudisha mkazo kwenye KKK na kuweka sauti mbele ulianza mwaka 2015. Watafiti wa elimu wa Uwezo walianza kupima watoto nyumbani mwaka 2010, na wakakuta wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Watoto hao walikuwa wamefundishwa kwa ba, be, bi.

BabaNjiro, hilo la maneno ya kubuniwa nalitumia kila Ijumaa. Naandika "lemu", "sofa la nimi", na kadhalika, na mtoto aliyekariri hujulikana papo hapo.

#6 MwanafunziIsimu_Sekei
Mwalimu, "sofa" ni neno halali na liko sebuleni kwetu, kwa hiyo Ijumaa hiyo watoto wako walipata alama ya bure.

Nikija kwenye hoja, naona kila upande umeshika kipande cha ukweli. Silabi nyingi za Kiswahili ni wazi, yaani huishia na irabu, na watoto wetu huzihisi bila kufundishwa na mtu yeyote. Ushahidi wake ni mchezo wa kinyume. Mtoto ambaye hajaingia darasani atageuza "ndizi" kuwa "zindi" na "mbuzi" kuwa "zimbu", na hatakosea hata siku moja kwa kuivunja nd au mb katikati. Hakuna aliyemwambia kwamba ndi ni silabi moja. Kwa hiyo Babu anaposema silabi ndiyo mlango wa mtoto wa Kiswahili, anasema jambo lenye mizizi katika lugha yenyewe. Zaidi ya hapo, vipasuo kama b na d haviwezi kutamkwa vikasikika vizuri bila irabu kuingia, na hiyo "bu" aliyoikiri mwalimu si uzembe wake, ni umbile la sauti.

Hata hivyo, jedwali la ba, be, bi lina tundu, na tundu hilo ni m. Katika "mtu", "mke", "mlima" na "mbwa", m ni silabi kamili isiyo na irabu, wala haimo katika mstari wa ma, me, mi, mo, mu. Mtoto aliyelelewa kwenye jedwali peke yake husoma "mutu" au hukwama, wakati yule wa mwalimu wa Kijenge amefika "mlima" akiwa na konsonanti mbili tu. Kuna jambo jingine linalonivutia zaidi. Tukisema "mtu mbaya", m inasimama peke yake: m-ba-ya. Tukisema "nyumba mbaya", mba ni silabi moja: mba-ya. Maandishi ni yale yale, na hapo si sauti ya herufi wala jedwali la silabi litakalomsaidia mtoto, isipokuwa sarufi ambayo tayari anayo kichwani kwa kuwa anaisema lugha.

BabaNjiro, ninapotofautiana nawe ni pale unapofikiri kwamba lugha yenye herufi tiifu haihitaji mtoto azijue sauti. Mimi naona kinyume chake: hapo ndipo juhudi ya kuzijua hulipa haraka, kwa sababu akijua sauti chache zisizobadilika ana ufunguo wa karibu kila neno.

#7 MamaWawili_Pasua
Asanteni sana. Jana usiku nilimjaribu binti yangu kwa mchezo wa kinyume tukiwa tunamenya ndizi za mtori. Aligeuza "kiti" kuwa "tiki", "meza" kuwa "zame", na "ndizi" kama ilivyoelezwa katika #6. Lakini nilipomwuliza "meza" inaanza na sauti gani, alijibu "me", na nilipomwambia aikate tena hakuelewa ninataka nini. Bibi alifurahi kwa nusu ya kwanza, mimi nikabaki na maswali kwa nusu ya pili.

#8 FundiCherehani_Majengo
Nachangia kutoka kwenye chuo, maana naona wote mnazungumzia shule tu. Mwanangu anasoma madrasa hapa Majengo, na huko mtoto hufundishwa kwanza jina la herufi, kisha alama ya irabu, kisha zinaunganishwa: be fataha ba, be kasiri bi, be dhumu bu. Hiyo si sauti tupu, kwa sababu "be" ni jina, na si silabi ya kukariri, kwa sababu kila siku herufi hubadilika na mtoto lazima aitazame alama iliyo juu au chini yake. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo kwa karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi, ingawa e na o hazikuwa na alama zake.

Mwanangu alipoingia darasa la kwanza, mwalimu wake alishangaa jinsi alivyoelewa upesi kwamba konsonanti na irabu ni vitu viwili vinavyokutana. Ninaamini alikuwa amelipata jambo hilo chuoni. Kwa hiyo, mama, usiogope mtoto kufundishwa kwa njia mbili.

#9 Mwl_MonduliJuu
Nasoma mjadala huu nikiwa na darasa ambalo nusu yake huzungumza Kimaasai nyumbani, na naona hoja inayonisumbua bado haijaguswa. Wanafunzi wangu wanaunganisha sauti vizuri. Kiswahili kina herufi tiifu, kama mlivyosema, na kufikia mwisho wa mwaka wengi wao wanaweza kutamka ukurasa mzima. Nikiwauliza hadithi inahusu nini, wananyamaza. Mwaka jana mtoto mmoja alisoma "Juma alipanda mnazi" bila kusita, na nilipomwuliza mnazi ni nini, alijibu ni mnyama. Hajawahi kuona mnazi, na mimi mwenyewe nimeuona nikiwa mkubwa.

MwanafunziIsimu amesema mtoto hutegemea sarufi aliyonayo kichwani kutofautisha "mtu mbaya" na "nyumba mbaya". Watoto wangu hawana sarufi hiyo bado. Kwao sauti na silabi zote ni sawa, kwa sababu neno likishatamkwa halina mtu wa kulipokea. Nimeanza kutumia dakika 20 za kwanza kuzungumza tu, kwa vitu halisi: kibuyu, maziwa, kamba, ndama, kwato. Kadi zinakuja baadaye.

#10 BabuMstaafu_Kibosho
Marahaba, mwalimu wa Kijenge, na mwaka 2015 nimeupokea. Hata hivyo, tangu 2015 walimu wamepewa mafunzo mara ngapi, na waliohamishwa madarasa wamerithiwa na nani? Katika shule ninayoifahamu, mwalimu aliyefundishwa KKK sasa anafundisha darasa la sita, na aliyekuja darasa la kwanza anafuata kiongozi cha mwalimu bila kuisikia sauti hata moja kutoka kwa mwenzake. Mbinu ambayo haiwezi kurithishwa kwa karatasi ina udhaifu wake. Ba, be, bi hata dada wa nyumbani anaweza kuifundisha.

#11 Patandi_MwakaWaPili
Babu, shikamoo. Nasomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi hapa Tengeru, na ningependa mama wa Pasua afikirie jambo jingine kabla hatujamaliza kugawana mbinu. Mtoto anaweza kukwama kwenye "tulia" kwa sababu ambazo hazihusiani na sauti wala silabi. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nilikutana na mvulana aliyechanganya m na n, b na d, s na f kila siku. Mwalimu wake alimwona mzembe. Tulimsogeza dawati la mbele, nusu ya makosa ikatoweka; hakuwa anaona ubao. Waliobaki wanaochanganya hata wakiwa mbele, wengine ni masikio, hasa wale wenye usaha wa mara kwa mara, kwa kuwa m na n hufanana sana kwa mtu asiyesikia vizuri. Na wapo wachache wenye disleksia, ambao macho na masikio yao ni mazima lakini kuunganisha herufi na sauti huwagharimu muda mrefu, na hao ndio wanaohitaji sauti zifundishwe hatua kwa hatua kuliko mtu mwingine yeyote.

#12 Kiboriloni_Baba
Kwa maoni yangu, ukipunguza watoto 103 wakawa 45, mbinu zote mbili zitafanya kazi.

#13 Karani_Soweto
Hoja ya #12 ni nzito, lakini mimi nilisoma katika darasa la watoto zaidi ya 90 na nilijua kusoma kufikia mwezi wa nane, kwa hiyo idadi peke yake haielezi yote.

Nina swali kuhusu upimaji. Mwanangu wa darasa la pili alipimwa kwa kusoma maneno kwa dakika moja, na niliambiwa lengo ni maneno 50. Nilisikitika aliposoma 31, mpaka nilipoitazama ile hadithi. Neno "hatukuwaambia" limehesabiwa kuwa neno moja, wakati Kiingereza kingelitawanya katika maneno matano mafupi. Anayesoma silabi kwa silabi hupita hapo kwa hatua saba, na anayesoma sauti kwa sauti ana hatua kumi na mbili au zaidi. Je, haiwezekani kwamba sauti humsaidia mtoto kuanza, lakini asipohamia kwenye silabi na vipande vikubwa kama "hatu-" na "-ambia" anabaki nyuma daima?

#14 Mwl_Kijenge
Inawezekana, na ninaona hivyo kwa baadhi yao. Kuna mtoto wangu mmoja ambaye mpaka mwezi wa tisa bado anasema k-a-k-a kwa sauti kabla ya "kaka". Sijajua nimsukume au nimsubiri.

#15 MamaWawili_Pasua
Nimempeleka binti yangu kupimwa macho kama alivyoshauri wa Patandi, na macho yake ni mazima. Bibi amekubali kuandika silabi zilizochanganywa, kwa masharti ya Babu wa Kibosho ambaye sasa anamwita "mwalimu wangu", ingawa hawajawahi kuonana. Lakini ameniagiza niwaulize walimu wa sauti swali moja: katika "ng'ombe", hiyo g inaguna wapi?

#16 Mwl_Kijenge
Mwambie bibi haiguni popote. Ng' ni sauti moja, na kwangu ina kizibo chake kimoja chenye n, g na kibainishi pamoja, kama ilivyo kwa ch, sh, dh na ny. Mtoto hapaswi kuziona zikiwa zimetengana.

#17 BabuMstaafu_Kibosho
Na mimi niliwafundisha kwa kuwashikisha pua. Ukibana pua huwezi kuendelea kuivuta ng', inakatika. Kisha nikaweka "nga" na "ng'a" ubaoni, zikitazamana, wiki nzima.

#18 MwanafunziIsimu_Sekei
Babu, hata "nga" huanzia puani, kwa hiyo mtoto aliyebana pua ataona zote mbili zimekwama. Tofauti ni kwamba katika "nga" kuna mpasuko wa g kabla ya a, na katika "ng'a" hakuna.

#19 MamaWawili_Pasua
Nimewasomea wote wawili, mtoto na bibi, na wameshikana pua kwa muda mrefu. Jioni binti yangu aliandika "ngo'mbe" kwenye daftari lake. Bibi amempa vema kwa kukumbuka alama. Mwalimu, leo asubuhi, amempa kosa kwa mahali alipoiweka.